Bustani Yetu Isingoje Mvua

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu juu ya bustani ya mboga. Najua ya kuwa wako watakaosema, "Huyu naye, badala ya kujisomea mtihani wa Novemba, anaandika habari za kabichi!" Nawaomba wanivumilie kidogo. Jambo hili lahusu sahani ya kila mmoja wetu. Tena lahusu kosa langu mimi mwenyewe, na sipendi kosa langu liwe sababu ya shule nzima kukosa mboga.

Wazazi ambao hawajapata kufika huku kwetu katika majira ya baridi yafaa waelezwe kwanza hali ilivyo. Shule yetu iko katika nyanda za juu za kusini, upande wa Makete. Kila mtu apandapo mlima mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa digrii 6 hivi. Na uwanda wa Kitulo, ambao ni jirani yetu, uko yapata mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Basi mwenzetu atokaye Tanga au Dar es Salaam akifika huku mwezi wa Julai hudhani amevushwa bahari. Katika Juni, Julai na Agosti, usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, twaamka na kukuta majani ya uwanjani yamekuwa meupe kana kwamba mtu amepita akiyanyunyizia chumvi. Hiyo ndiyo jalidi, ambayo wengine huiita sakitu, yaani unyevu wa hewa ulioganda juu ya majani. Baadaye, mnamo Septemba, jua hurudi upande wetu, udongo huanza kupata joto, na kufikia Novemba mvua hunyesha. Kipindi kile cha Agosti na Septemba, baridi inapoanza kulegea, ndicho kinachofanana na majira ya kuchipua ya nchi za Ulaya, ambayo kwao huja Machi na Aprili.

Sasa niingie katika habari yenyewe. Mwezi wa Mei mwaka huu, katika baraza la wanafunzi, lilitolewa shauri ya kwamba bustani ya shule ifungwe kila mwaka tangu Juni mpaka mvua za Novemba. Sababu iliyotolewa ni moja tu: "Baridi huua mboga. Mwaka jana tuliona." Shauri hilo halijakubaliwa wala kukataliwa, litaamuliwa tutakaporudi mwezi wa Julai. Mimi nalipinga. Lakini kwa kuwa hao waliotoa shauri walikuwa wakinyoosha vidole kwa heshima kuelekea upande niliokaa mimi, ni haki nieleze kwanza yaliyotokea.

Mwaka jana nilipokuwa Kidato cha Tatu nilichaguliwa kuwa kiranja wa bustani. Nilikuwa nimesoma katika maktaba kitabu kimoja kikuukuu cha kilimo cha mboga kilichoandikwa Uingereza, nami nikajiona fundi. Kitabu kilisema kwamba mkulima hodari huwahi: huandaa miche kabla baridi haijaondoka kabisa, naye hula mboga wakati wenzake wangali wakipiga miayo. Kilisema pia kwamba kitalu cha miche ya mapema kiinamishwe kuelekea kusini, ili kipate jua. Maneno hayo yaliniingia moyoni. Basi tuliporudi kutoka likizo mwanzoni mwa Julai, mimi na wenzangu kumi na mmoja tulichimba matuta karibu na kijito, mahali pa chini kabisa, ili tusichoke kubeba maji. Tukayainamisha kusini kama kitabu kilivyoamuru. Kisha tukapanda miche 400 ya nyanya na pilipili hoho iliyonunuliwa huko chini kwenye joto, kwa fedha za mfuko wa darasa letu. Ukingoni, kwa kuwa nafasi ilibaki, tukapanda miche 60 ya kabichi tuliyopewa bure na mpishi wetu.

Katika juma la tatu la Julai ulikuja usiku mmoja mweupe, nyota zimejaa mbinguni, hakuna hata jani lililotikisika. Asubuhi tulikuta bonde lote limekuwa jeupe. Kufikia saa tatu, jua lilipopiga, nyanya zote zilikuwa nyeusi na zimelegea kama mboga iliyochemshwa. Pilipili hoho vilevile. Hatukupata hata mche mmoja wa kuokoa. Wenzangu hawakunitukana, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama wangenitukana.

Lakini liko jambo moja ambalo katika huzuni ile hakuna aliyelitazama, na ndilo ninalotaka mlitazame leo. Zile kabichi 60 za bure hazikufa. Asubuhi ile majani yake yalikuwa makavu kama mbao, hata tukadhani zimekwisha; lakini jua lilipoziyeyusha zilisimama tena, na mwezi wa Oktoba tulizila. Usiku ulikuwa mmoja, bonde lilikuwa moja, mikono iliyopanda ilikuwa ileile. Basi tusiseme tu kwamba baridi huua mboga. Yafaa tuulize: ni mboga gani, iliyopandwa mahali gani, na kwa namna gani?

Katika mapumziko mafupi ya Septemba nilimweleza bibi yangu habari hizi. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, umemchukua mgeni wa joto ukamlaza nje bila blanketi, kisha wailaumu baridi?" Baada ya hapo niliketi nikahesabu makosa yangu, nikapata manne. Nayataja hapa, maana mtu akificha kosa lake mwenzake atalirudia.

Kosa la kwanza ni kuchagua mboga zisizofaa. Kuna mboga za jamii ya joto, nazo ni nyanya, pilipili hoho, maharage, matango, maboga na mchicha. Hizo jalidi ikizigusa zimekwisha. Kuna na mboga zivumiliazo baridi, nazo ni kabichi, sukuma wiki, chainizi, karoti, vitunguu, saladi na njegere. Hata mbegu zake hutofautiana. Katika udongo wenye joto la digrii 10, mbegu ya kitunguu huota baada ya siku 13 hivi, na ya kabichi baada ya siku 15, lakini ya nyanya huhitaji siku 40 na zaidi, na nyingi huoza kabla ya kutokeza. Udongo ukifika digrii 20, nyanya ileile huota kwa siku 8. Kwa hiyo mpanda nyanya wa Julai hungoja muda mrefu kuliko mpanda nyanya wa Oktoba, naye hupoteza mbegu nyingi na usingizi mwingi.

Kosa la pili ni mahali. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku ukiwa shwari, baridi huteremka mlimani polepole kama maji na kujikusanya bondeni. Sisi tulipanda penye kikombe cha baridi. Laiti tungepanda hatua hamsini juu zaidi, kwenye mteremko, pengine jalidi ingetupita. Tulikwepa kubeba ndoo, tukalipa kwa miche 400.

Kosa la tatu ndilo linalonichekesha sasa. Kitabu kilisema kitalu kielekee kusini. Kitabu hakikusema uongo. Kilikuwa kikisema na watu wa Uingereza, ambao jua lao la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Sisi wa Makete tuko digrii 9 hivi kusini ya ikweta. Katika Juni na Julai jua letu la adhuhuri liko kaskazini. Mimi niliyepata alama nzuri za Jiografia niliyageuzia matuta mgongo wa jua, na kila siku nilipita hapo bila kuona kivuli kikiniambia nimekosea. Vivyo hivyo na kalenda: kitabu chasema, "Panda mwezi wa Machi," lakini Machi kwetu ni mwezi wa mvua nyingi. Yafaa tusome vitabu vya watu na kushika sababu zake, kisha kalenda na dira tuziandike wenyewe.

Kosa la nne ni kutofunika. Mchana udongo hupokea joto la jua. Usiku hulitoa kuelekea mbinguni. Yakiwapo mawingu, huwa kama blanketi. Yasipokuwapo, joto lote huenda zake. Kifuniko cha majani makavu, mkeka au gunia, kikiinuliwa kidogo juu ya miche kwa vijiti, hushika sehemu ya joto hilo. Bibi yangu hufunika miche yake kila jioni kwa majani makavu, wala hajapata kusoma fizikia.

Basi hayo ndiyo makosa manne, nayo ni yangu. Je, makosa manne ya kiranja mmoja ni sababu ya kufunga bustani miezi mitano kila mwaka? Mimi nasema sivyo, tena nina hoja tatu.

Hoja ya kwanza ni kalenda ya shule yenyewe. Tukingoja mvua ya Novemba, tutapanda mwishoni mwa Novemba. Mwanzoni mwa Desemba shule yafungwa. Miche inapohitaji kupaliliwa na kulindwa na wadudu, sisi tuko majumbani kwetu tukila vyakula vya sikukuu. Tukirudi Januari twakuta magugu yamefika magotini, na mboga zilizosalia ni za kuhesabu kwa vidole. Lakini tazameni muhula wa pili: twarudi mwanzoni mwa Julai, twakaa mpaka mwisho wa Novemba. Hiyo ni miezi mitano mfululizo yenye mikono mia kadhaa ya kufanya kazi. Sukuma wiki ikisiwa Julai na kuhamishwa mwishoni mwa Agosti, majani yake huanza kuchumwa Oktoba. Kabichi iliyohamishwa wakati huohuo huwa tayari Novemba. Muhula wa pili ndio muhula wa bustani, nasi twataka kuufunga!

Na katika miezi hiyo mitano twala nini? Sitaki kulaumu jiko letu. Mpishi wetu hupika kile apewacho. Ugali na maharage ni chakula cha nguvu, wala sina ugomvi nacho. Lakini mwili wahitaji na majani mabichi, kama walimu wetu wa Biolojia wanavyotufundisha, kwa ajili ya vitamini ambazo maharage makavu hayana ya kutosha. Wakati wa kiangazi kabichi hununuliwa, nayo hukatwakatwa ikawa nyembamba hata mtu akiipata katika mchuzi huwaonyesha wenzake. Kununua kabichi katika wilaya ambayo hali yake ya hewa yapendwa na kabichi kuliko karibu kila mahali nchini, ni sawa na mvuvi kununua samaki.

Hoja ya pili ni kwamba wenzetu wa nchi za baridi hasa wana shida kubwa kuliko yetu, nao hawakukata tamaa. Katika karne ya 19 wakulima wa mboga wa mji wa Paris, huko Ufaransa, walikuwa mashuhuri kwa kazi hii. Mji ule ulikuwa na farasi wengi sana, na samadi ya farasi ilipatikana tele. Waliirundika ikiwa mbichi, nayo ilipochacha ilitoa joto. Juu yake waliweka udongo, wakapanda, kisha wakafunika miche kwa kengele za kioo. Usiku wa baridi kali walitandika juu ya vioo mikeka ya mabua. Hivyo waliwauzia watu wa mjini saladi mbichi wakati mashamba ya kawaida yalikuwa yamelala. Katika siku za karibu zaidi, mkulima Eliot Coleman wa jimbo la Maine, huko Marekani, ambako theluji hufunika ardhi, ameonyesha kwa vitendo na kwa vitabu vyake kwamba mboga zivumiliazo baridi zaweza kuvunwa hata katikati ya majira ya baridi zikiwa chini ya vifuniko.

Huyo Coleman aeleza jambo moja lenye faida kubwa kwetu. Asema kwamba mchana unapokuwa mfupi kuliko saa 10, mboga karibu husimama kabisa zisikue. Paris katika mwezi wa Desemba mchana una saa 8 na robo tu. Sasa tazameni sisi. Siku iliyo fupi kuliko zote huku kwetu, mwezi wa Juni, ina mchana wa saa 11 na nusu na zaidi. Mwanga tunao mwaka mzima! Jua la kiangazi hutuwakia kutwa nzima bila wingu. Tunachokosa ni vitu viwili tu, kinga ya usiku na maji, na vyote viwili vyapatikana kwa mikono. Wenzetu hawana namna ya kununua mwanga wa jua, na bado wanakula saladi. Sisi tunaopewa bure twataka kufunga bustani.

Hoja ya tatu ni ya nyumbani. Kulima bila kungoja mvua si jambo la kizungu. Wazee wa Iringa na Njombe tangu zamani hulima vinyungu, yaani matuta ya mabondeni penye unyevu, wakati wa kiangazi. Huinua matuta ili maji yasisimame na udongo upate joto upesi, hupanda mahindi na mboga kabla ya mvua, nao hula mahindi mabichi wakati wengine ndio kwanza wanapalilia. Wazazi wengi wanaosoma gazeti hili wamesomeshwa, nao wanatusomesha, kwa fedha za vinyungu. Itakuwa aibu ikiwa mtoto wa kinyungu akishaingia sekondari asahau kazi ambayo bibi yake aifanya bila kitabu.

Rafiki yangu mmoja, ambaye ni bingwa wa mdahalo, alinijibu hivi: "Hata Kitulo, ambako watu hupaita Bustani ya Mungu, maua hungoja mvua. Nani wewe usingoje?" Darasa zima lilimpigia makofi. Nakiri sikupata jibu siku ile, lakini sasa ninalo. Okidi za Kitulo zina viazi vidogo chini ya ardhi, ambamo huweka akiba ya kungojea mvua. Mwanafunzi hana kiazi chini ya ardhi. Ana tumbo, nalo halijui kungoja.

Sasa, mtu apingaye shauri yafaa alete shauri lake. Langu ni hili. Mwaka huu tuanze na matuta kumi tu, kila moja lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 1. Yawekwe kwenye mteremko ulio nyuma ya bwalo la chakula, ambako baridi haituami, tena yaelekee kaskazini. Tutakaporudi Julai tusie mbegu za kabichi, sukuma wiki na vitunguu katika kitalu kimoja kidogo. Chini ya kitalu tuchimbe shimo la nusu mita, tulijaze samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na majani makavu, na juu yake udongo mzuri wa kina cha shibiri. Samadi ya ng'ombe haitoi joto kali kama ya farasi, lakini yatosha kuisaidia mbegu. Tungoje siku kadhaa mpaka ule moto wa kwanza utulie, ndipo tusie. Kila jioni saa kumi na moja, kabla jua halijashuka, kitalu kifunikwe. Kila asubuhi saa mbili kifunuliwe. Maji yamwagiliwe asubuhi, si jioni, maana udongo wenye unyevu hushika joto la mchana vizuri kuliko udongo mkavu.

Mwishoni mwa Agosti miche izoezwe baridi kwa siku saba hadi kumi, kifuniko kikiondolewa kidogo kidogo, kisha ihamishwe. Hapo pia tusikose kiasi. Mche wa kabichi uliokaa kitaluni hata shina likawa nene, kisha ukapigwa na baridi majuma mengi, waweza kutoa maua badala ya kufunga kichwa. Kwa hiyo mbegu zisisiwe Mei wala Juni kwa tamaa ya kuwahi. Nyanya na maharage zingoje mwisho wa Septemba na Oktoba, nazo zitaongezwa baadaye tukifaulu.

Najua swali litakaloulizwa: "Na maji je?" Tufanye hesabu. Tuta moja la eneo la mita 10 za mraba lataka ndoo tano za lita 20 kila mara. Matuta kumi ni ndoo 50. Katika siku za baridi maji hayakauki upesi, na tukitandaza majani makavu juu ya udongo, kumwagilia mara mbili kwa juma kwatosha. Basi ni ndoo 100 kwa juma. Kidato kimoja chetu kina wanafunzi wapatao mia. Kila mmoja ndoo moja kwa juma! Hata mwanafunzi wa Kidato cha Nne mwenye mtihani mbele yake hawezi kusema kwamba ndoo moja kwa juma itamfelisha.

Liko neno moja zaidi, nalo nalisema kwa adabu mbele ya walimu wangu. Wakati mwingine aliyechelewa mstarini hupelekwa bustanini kwa adhabu. Nawaomba sana wasipelekwe katika kitalu hiki. Kifuniko kikiinuliwa kwa hasira huvunja miche. Na mtu aliyelazimishwa hafuniki miche vizuri, hufunika ili aondoke. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya elimu yenyewe. Ikiwa jembe ni elimu, basi lisiwe fimbo. Apelekwe bustanini yule aliyeomba, tena aandikiwe jina lake kwenye ubao wa tuta lake, ili tuta likistawi asifiwe na likikauka aulizwe.

Pia naomba kitu kimoja kidogo ambacho si cha gharama kubwa: kipimajoto kimoja kiwekwe bustanini, karibu na ardhi, na daftari moja kando yake. Kila asubuhi mtu mmoja aandike digrii zilizosomwa, na kama jalidi ilianguka au la. Mwaka wa kwanza daftari litakuwa na namba tu. Mwaka wa tatu litakuwa kitabu, na kitabu hicho kitaandikwa kwa jua la Makete, si kwa jua la Uingereza. Kiranja atakayekuja hatalazimika kujifunza kwa miche 400.

Wahenga walisema, "Haraka haraka haina baraka." Waliotoa shauri la kufunga bustani wanapenda kunikumbusha methali hiyo, nami naipokea, maana nilistahili. Lakini wahenga haohao walisema pia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Zamani nilidhani methali hizi mbili zapingana. Sasa naona kazi ya mkulima ni kukaa katikati yake: awahi, lakini awahi na kabichi wala si na nyanya; apande kabla ya mvua, lakini afunike kabla ya jua kushuka.

Mimi mwenyewe sitakula sana katika mboga hizo. Kabichi zitakapofunga vichwa vizuri nitakuwa katika chumba cha mtihani, na zikivunwa huenda nimekwisha funga sanduku langu. Lakini nimekwisha weka jina langu la kwanza katika orodha ya kubeba ndoo kwa muhula wa pili, na orodha hiyo iko kwa kiranja wa bustani wa mwaka huu, katika Kidato cha Tatu. Yeyote apendaye na amwone kabla ya likizo. Na siku baraza litakapokutana Julai, kabla hamjainua mikono kuifunga bustani, nawaomba mkumbuke zile kabichi 60 tulizopewa bure.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne